MAISHA YA FRITZ SCHAUDINN, MTU ALIYEIPA AMIBA JINA LAKE

Safari hii sisi wa mwaka wa sita tuliombwa tuandike maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyejulikana sana. Wengine walifikiri tutaandika juu ya mfalme ao juu ya mtu wa vita. Tumechagua mtu wa mikroskopi. Sababu yake ilianzia hapa hapa Kasenyi, katika dormitori yetu, na afadhali tuiseme kwanza.

Munakumbuka kwamba muhula uliopita ndugu mmoja wa mwaka wa pili aliugua tumbo. Siku ya kwanza alienda chooni mara tatu. Siku ya pili hatukuhesabu tena, na usiku wake tukaona damu na makamasi. Sisi makapita tulipaswa kumpeleka hospitali saa ile ile. Hatukumpeleka. Watu walikaa juu ya vitanda wakinong'ona kwamba amelishwa sumu, kwamba alikula samaki wa chumvi kwa mtu fulani kule ufukoni, na wengine walitaka arudishwe kwao akatafutiwe dawa ya kufukuza sumu. Tulisikiliza maneno hayo mpaka kukapambazuka, na kosa ni letu. Asubuhi mwalimu wetu wa biolojia akampakia nyuma ya pikipiki. Kule hospitali muuguzi alitazama choo chake kwa mikroskopi, akaona vidudu vilivyokuwa vinatembea, na ndani ya vidudu hivyo chembe nyekundu za damu ambazo vilikuwa vimezimeza. Akaandika maneno mawili juu ya karatasi: Entamoeba histolytica.

Ndugu yetu alipopona alirudi na karatasi ile mfukoni. Akatuuliza ni nani aliyekipa kidudu hiki jina refu namna hii, na jina lenyewe lataka kusema nini. Tulikuwa makapita wanne. Hakuna aliyejua. Basi tulienda kwa mwalimu, tukaazima vitabu, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Aliyetoa jina hilo ni Fritz Schaudinn. Alizaliwa tarehe 19 Septemba 1871 katika kijiji cha Röseningken, Prussia ya Mashariki, jimbo ambalo wakati ule lilikuwa la Ujerumani. Alipoingia chuo kikuu cha Berlin nia yake ilikuwa kusoma lugha. (Ndugu zetu wa Latin-Philo wafurahi kidogo.) Lakini akaacha lugha, akageukia elimu ya wanyama, na kati ya wanyama wote akapenda wale wadogo kabisa, wenye chembe moja tu ya mwili. Mwaka 1894 akapewa udaktari kwa ajili ya masomo hayo. Mukumbuke basi kwamba hakuwa munganga wa kutibu watu. Alikuwa mtu wa wanyama, na wenye elimu ya utabibu walishangaa zaidi ya mara moja kuona mtu wa namna hiyo anaingia katika shamba lao na kuvuna.

Mwaka 1898 alisafiri na mwenzake Fritz Römer mpaka katika bahari ya barafu ya kaskazini, kukusanya wanyama wa kule. Mwaka 1900 akatoa maandiko juu ya vimelea wanaokaa ndani ya matumbo ya tandu, akaonyesha kwamba wana njia mbili za kuzaana: moja ya kugawanyika tu, na nyingine yenye dume na jike. Sisi tunaposoma hayo katika daftari ya biolojia tunaona ni sura moja ya mtihani wa Serikali. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu vimelea vya malaria ni jamaa yao.

Kiisha, mwaka 1901, serikali yake ikamweka kuongoza kituo cha elimu ya wanyama wa bahari katika Rovigno, mji wa wavuvi kwenye bahari ya Adriatiki. Leo mji huo unaitwa Rovinj nao uko katika nchi ya Kroatia. Tukifikiria maisha yake kule, tunaona kama ni mtu wa Kasenyi: mitumbwi asubuhi, harufu ya samaki, joto, na watu wenye homa ya malaria. Alikaa huko mpaka 1904, na kazi yake karibu yote inayotuhusu aliifanya pale.

Lazima tuseme na kosa lake, maana tumesoma maisha ya watu wakubwa yaliyoandikwa kana kwamba hawakukosea hata siku moja, na hatupendi namna hiyo. Schaudinn alisema ameona kwa macho yake, chini ya mikroskopi, kimelea cha malaria kilichotoka kwa mbu kikiingia moja kwa moja ndani ya chembe nyekundu ya damu. Sivyo. Kimelea hicho kinapita kwanza katika ini. Lakini juu ya heshima ya jina lake, watu walimwamini zaidi ya miaka 40. Mwaka 1947 P.C.C. Garnham, aliyekuwa anafanya kazi Kenya, alipata hatua ya ini katika kimelea cha nyani kilicho jamaa ya malaria, na mwaka 1948 yeye na Shortt wakaionyesha kwa malaria yenyewe. Mtu akiwa na macho makali sana, watu wanasahau kumuuliza kama kweli ameona.

Sasa tuje kwa amiba.

Schaudinn hakuwa wa kwanza kuiona. Mwaka 1875, katika mji wa Sankt Peterburg, munganga Lösch aliandika habari za mfanyakazi mmoja kijana mwenye kuhara damu, ambaye choo chake kilijaa amiba. Kijana yule alikufa. Mwaka 1883 Robert Koch alitumwa Misri kutafuta kidudu cha kipindupindu. Alipochunguza maiti za watu waliokufa na kuhara damu, akaona amiba ndani ya ukuta wenyewe wa utumbo. Mwaka 1891 Councilman na Lafleur, kule Baltimore katika Marekani, wakaeleza vidonda vya utumbo na majipu ya ini yanayoletwa na amiba.

Hata hivyo mashaka yalibaki, na yalikuwa na sababu. Watu wengi wazima kabisa, wanaokula vizuri na kucheza mpira, wana amiba tumboni. Kama amiba inaua, mbona hawa hawafi? Schaudinn alijibu mwaka 1903. Alisema amiba za utumbo wa mtu ni za aina mbili. Ya kwanza ni mpangaji mtulivu: inakaa katika uchafu wa utumbo, inakula bakteria, haimwumizi mwenye nyumba. Hiyo aliiita Entamoeba coli. Ya pili inapenya katika ukuta. Hiyo aliiita histolytica, kwa maneno mawili ya Kigiriki: moja ni nyama ya mwili, na lingine ni kuyeyusha. Ndiyo kusema, amiba inayoyeyusha nyama ya mwili.

Tulipolielewa jina hili tulinyamaza kidogo, kwa kuwa tuliyaona makamasi na damu ya ndugu yetu.

Hapa pia alichanganya. Alifikiri histolytica inajieneza kwa kutoa vichipukizi vidogo vyenye ganda kwenye ukingo wa mwili wake. Sivyo. Inajikunja kuwa yai la mviringo lenye viini vinne na ganda gumu, na yai hilo ndilo linalotoka na choo na kungojea mtu mwingine amezaye. Jambo hilo lilithibitishwa kabisa mwaka 1913 na Walker na Sellards katika gereza la Manila: wafungwa 20 walikubali kumeza mayai hayo, 18 wakaambukizwa, na 4 tu wakahara damu. (Tulijadiliana usiku mmoja mzima kama mfungwa anaweza kukataa jambo kama hilo. Hatukupatana.)

Mwaka 1904 Schaudinn alirudi Berlin. Tarehe 3 Machi 1905, akifanya kazi pamoja na munganga Erich Hoffmann, aliona katika kidonda cha mgonjwa kidudu chembamba, cheupe sana, kilichojipinda kama waya wa springi. Ndicho kidudu cha kaswende, ugonjwa uliowasumbua watu wa Ulaya kwa miaka 400. Wengine walikuwa wametazama vidonda kama hivyo maelfu ya mara bila kukiona. Jina lake likaenda dunia nzima kwa sababu ya siku ile, na wengi wanaomtaja hata leo wanamtaja kwa kaswende, si kwa amiba.

Mwaka 1906 akapewa kazi Hamburg, katika taasisi ya magonjwa ya mabaharia na ya nchi za joto. Hakukaa sana. Mwezi wa nne alikwenda Lisbon, katika mkutano mkubwa wa waganga, na watu walimheshimu sana kule. Katika safari ya kurudi tumbo lilimshika. Alikuwa na majipu ya amiba. Akapasuliwa kwa haraka, haikusaidia. Alikufa tarehe 22 Juni 1906, na umri wake ulikuwa miaka 34.

Wengi walioandika maisha yake wamefikiri kwamba amiba zile alijiingizia mwenyewe, kwa ajili ya kuchunguza. Basi mtu aliyeipa amiba jina la myeyusha nyama aliyeyushwa nayo. Wakati huo huo Robert Koch, yule aliyeona amiba katika Misri, alikuwa tena Afrika. Mwaka 1906 na 1907 alikaa kwenye visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria, akijaribu kutibu ugonjwa wa usingizi kwa dawa ya atoxyl, dawa iliyowapofusha wagonjwa kadhaa. Tunapenda kuwaza kwamba habari ya kifo cha mwenzake ilimfikia katika safari ile.

Lakini Schaudinn hakujua kitu kimoja: amiba inayeyusha kwa kutumia nini? Haina meno. Haina kinywa. Ni tone la ute linalotembea. Jibu limekuja polepole, na sehemu kubwa imejulikana tangu miaka ya 1980.

Mama zetu wanajua jibu bila kulijua. Ukiwa na nyama ya ng'ombe mzee, ngumu kama kiatu, unaifunga kwa majani ya mpapai kabla ya kuipika, nayo inalainika. Utomvu wa mpapai una kitu kinachoitwa papaini. Nyama imeundwa kwa protini, na protini ni kama mkufu mrefu wa shanga. Papaini ni mkasi unaokata mkufu huo. Mkasi wa namna hiyo unaitwa proteaze. Kumbe amiba nayo ina proteaze, na zile zake kubwa ni za ukoo mmoja na papaini! Mwalimu alipotuambia hayo tulifikiri anatania. Haikuwa utani. Ukoo huo unaitwa proteaze za sisteini, na amiba histolytica ina maandishi ya urithi ya kuunda karibu aina 50 za mikasi hiyo. Zinapokuzwa katika chupa za maabara, tatu tu kati ya hizo ndizo zinazofanya karibu kazi yote.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Utumbo wetu umepakwa ute mzito unaofanya kazi ya ukuta wa boma. Amiba inashikamana na ute huo, kiisha inatoa proteaze na kukata nyuzi zake mpaka boma linakuwa maji. Inafikia chembe za utumbo, inaziua na kuzitafuna. Inakata nyuzi zinazounganisha chembe, kama vile kukata kamba za nyavu moja moja. Mwili unatuma askari wake, zile protini za damu zinazoitwa antikopo, na proteaze inazikata nazo vipande. Ndiyo sababu kidonda kinachimba chini kwa chini na damu inatoka. Amiba nyingine zinaingia katika mshipa unaokwenda kwenye ini na kufanya jipu huko.

Na hapa tulifika kwa swali ambalo lilitupendeza kuliko yote. Amiba nayo ni protini. Kama imejaa mikasi ndani, mbona haijikati yenyewe? Jibu ni kwamba kila kisu kina ala yake. Amiba inaunda vizuizi, protini ndogo zinazojichomeka katika mdomo wa mkasi na kuufunga. Mwaka 2005 na 2006 watafiti walieleza vizuizi viwili vya namna hiyo. Kimoja kinakaa katika ute wa ndani wa amiba, nasi tunakifananisha na mlinzi: mkasi ukitoroka kutoka katika mfuko wake, kinaufunga kabla haujaharibu nyumba. Cha pili kinakaa ndani ya mifuko ile ile ambamo mikasi inawekwa na ambamo chakula kinasagwa, nacho kinasaidia kupima kazi yake. Amiba zilipofanywa katika maabara ziunde vizuizi kwa wingi kupita kawaida, zilitoa nje proteaze kidogo zaidi. Ndiyo kusema ukali wa amiba haukai katika mkasi peke yake. Unakaa pia katika namna ya kuufungua na kuufunga.

Watu walifikiri mara moja: basi tutengeneze ala, tumvike adui. Mwaka 1995 panya walipewa kizuizi cha proteaze za sisteini, na majipu ya ini yakapungua. Dawa ya watu kwa njia hiyo haijaingia katika hospitali zetu. Wauguzi wanaendelea kutumia metronidazoli, na baada yake dawa nyingine ya kumaliza amiba na mayai yaliyobaki utumboni. Ile ya pili ndiyo wengi wanaiacha wakiisha kusikia nafuu.

Taasisi ile ya Hamburg iko hata leo, inaitwa kwa jina la Bernhard Nocht aliyeianzisha, na watu wake wako kati ya wale waliochunguza proteaze za amiba na vizuizi vyake. Schaudinn alikaa pale miezi michache tu, naye alikuja na swali ambalo wenyeji wake walilifanyia kazi miaka mia baadaye.

Imebaki habari moja ya mtu mwingine, nayo inapita karibu na kwetu. Mfaransa Émile Brumpt, akiwa kijana, alivuka Afrika tangu Bahari ya Shamu mpaka Atlantiki na msafara wa du Bourg de Bozas. Walipitia Uele, kaskazini ya Ituri yetu, na mkuu wa msafara akafa huko mwisho wa mwaka 1902. Brumpt akaendelea. Mwaka 1925 alisema kwamba hata ile histolytica ya Schaudinn ni aina mbili zenye sura moja: moja inayoyeyusha, na nyingine, aliyoiita dispar, isiyodhuru. Walimcheka. Mwaka 1993 wenye elimu wakakubali. Na moja ya tofauti zao iko katika mikasi: proteaze ya namba 5, ambayo histolytica inaivaa juu ya ngozi yake, dispar haina iliyo nzima. Ndiyo maana muuguzi wetu alitafuta chembe za damu ndani ya amiba kabla ya kuandika jina. Sura peke yake haitoshi.

Kuhusu Kasenyi yetu tutasema kidogo, maana munajua. Maji tunayochota ziwani yanapita mahali ambapo watu wanajisaidia, na mvua inashusha mengine kutoka milimani. Yai la amiba haliogopi dawa ya kawaida ya kutia katika maji, ile tuliyoizoea tangu wakati wa kipindupindu. Linaogopa moto. Kwa hiyo tangu mwezi uliopita kuna pipa la maji yaliyochemshwa kwenye mlango wa dormitori. Kuni zinaletwa kwa zamu, na zamu ya makapita imewekwa siku ya kwanza. Hiyo ilikuwa haki.

Juu ya neno la sumu, tumelizungumza na wote walionong'ona usiku ule, tukianza na sisi wenyewe. Wawili bado hawajakubali.

Ndugu yetu wa mwaka wa pili amesoma habari hii kabla haijachapwa. Alisahihisha namna tulivyoandika Röseningken, tulikuwa tumekosea mara mbili, kiisha akatuomba tumrudishie karatasi yake ya hospitali. Ameiweka ndani ya daftari ya biolojia.